Barua ya wazi kwa waandaaji wa mdahalo wa urais wa 2027: wekeni faili mezani

Kwa wahariri wakuu, wakuu wa vituo vya televisheni na redio, na wote mtakaokaa kwenye kamati ya kuandaa mdahalo wa urais nchini Kenya,

Kwa mujibu wa Ibara ya 101 ya Katiba, uchaguzi mkuu ujao utaangukia Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Tunawaandikia mapema kwa sababu ombi letu haliwezi kutimizwa katika zile wiki tatu za mwisho ambazo kamati kama yenu huzitumia kutafuta ukumbi, kupanga taa na kubishana juu ya nani aulize nini. Sisi ni watu ambao kazi yetu ni kusoma taarifa za bajeti, ripoti za ukaguzi na hukumu za mahakama. Tunajua yaliyomo humo, na tunajua ni machache mno yanayofika jukwaani.

Mdahalo wetu wa urais umezoea kupima ulimi. Tarehe 11 Februari 2013, wagombea 8 walisimama katika shule ya Brookhouse, Nairobi, kwa mdahalo wa kwanza wa aina yake katika historia ya nchi. Muulize mtu leo anakumbuka nini cha usiku ule, atakwambia Skype: Raila Odinga akimchokoza Uhuru Kenyatta kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague, alikokuwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mzaha ulikuwa mzuri, hatukatai. Lakini 6 kati ya wale 8 walikuwa wamehudumu katika serikali ya Mwai Kibaki: waziri mkuu, manaibu wake wawili, aliyekuwa waziri wa haki, waziri msaidizi wa mipango na katibu mkuu wa zamani wa elimu. Wote walikuwa na mafaili. Mfumuko wa bei ulikuwa umekaribia asilimia 20 Novemba 2011, na waziri wa fedha wa wakati huo alikuwa pale pale jukwaani, mkono wa mtu tu kutoka kwa mwendeshaji. Nani anakumbuka lililosemwa juu ya hilo?

Baadaye mambo yakaharibika zaidi. Tarehe 24 Julai 2017 Raila alijibu maswali peke yake, Uhuru hakufika. Tarehe 26 Julai 2022 ikawa zamu ya William Ruto kusimama peke yake, Raila alikataa kuja. Kwa hiyo tangu 2013 hatujapata mdahalo hata mmoja ambao wapinzani wawili wakuu wa urais wameulizwa swali moja, usiku mmoja, mbele ya wananchi.

Tunaloomba ni hili: kabla ya mdahalo, chapisheni faili la kila mgombea, lililoandikwa kwa kipimo kimoja, na maswali yote yatoke humo. Kazi ngumu iko kwenye hicho kipimo, kwa hiyo tutakaa hapo kwa muda.

Anzeni na madaraka aliyokuwa nayo mtu. Kumlinganisha rais aliyekaa Ikulu miaka 10 na kiongozi wa upinzani kwa kuhesabu kilomita za lami ni kumwonea mmoja na kumbeba mwingine. Chukueni Raila, ambaye faili lake limefungwa tangu alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, na sasa linaweza kusomwa bila joto la kampeni. Wafuasi wake huandika kila jema la serikali ya muungano kwa jina lake. Wapinzani wake husema alikuwa waziri mkuu miaka mitano na hakuna cha kuonyesha. Sheria ya mwafaka ya 2008 ilimpa kazi ya kuratibu na kusimamia shughuli za serikali. Haikumpa bajeti ya nchi wala uwezo wa kufuta mawaziri apendavyo. Ushahidi ni Februari 2010: alitangaza kuwasimamisha kazi kwa miezi mitatu mawaziri Ruto na Sam Ongeri kwa sababu ya sakata za mahindi na elimu, na Kibaki akabatilisha siku hiyohiyo. Hapo ndipo mpaka wa madaraka yake ulipoonekana.

Sasa tenganisheni. Wizara ya barabara kati ya 2003 na 2005 ilikuwa mikononi mwake mwenyewe: majengo kwenye hifadhi za barabara yakapigwa alama ya X na mengine kubomolewa, na sifa na lawama za kazi ile ni zake bila mshirika. Mpango wa Kazi kwa Vijana uliratibiwa na ofisi yake, na maswali ya Benki ya Dunia ya mwaka 2011 kuhusu fedha zake yanamhusu moja kwa moja. Lakini kupanda kwa bei za vyakula na kushuka kwa shilingi mwaka 2011 hakukupitia mezani kwake. Kulipitia Hazina na Benki Kuu.

Kipimo hichohicho kimguse Ruto alipokuwa naibu wa rais. Faili lake la 2013 hadi 2022 lina ufa katikati. Hadi 2017 alikuwa mshirika kamili wa Uhuru, na serikali iliitwa yao wawili. Baada ya handisheki ya Uhuru na Raila ya tarehe 9 Machi 2018 alianza kusukumwa pembeni, na amri ya rais ya Januari 2019 ikamkabidhi Fred Matiang'i, waziri wa usalama wa ndani, usimamizi wa kamati ya kufuatilia miradi ya serikali. Basi chora mstari Januari 2019. Akidai barabara na umeme wa kipindi cha kwanza kuwa vyake, deni la miaka hiyohiyo nalo ni lake. Hawezi kuchukua nyama akaacha mifupa.

Pili, miradi. Hapa ndipo wagombea wanapojilisha jasho la wengine. Utepe hukatwa na mtu mmoja, mradi ni wa watu watatu au wanne. Tunapendekeza kila mradi mkubwa ugawanywe hatua tano: upembuzi, mkataba, fedha, ujenzi na malipo ya deni. Jaribuni na reli ya SGR. Mazungumzo na kampuni ya China na mikataba ya ujenzi ni ya enzi za Kibaki, mwaka 2009 hadi 2012. Mkopo na ujenzi ni wa Uhuru, aliyeizindua safari ya Mombasa hadi Nairobi tarehe 31 Mei 2017. Agizo la 2019 la kulazimisha makasha kutoka bandarini yapande reli ni la serikali yake pia, na lilipunguza kazi za malori, mabohari na vibanda vya chakula kuanzia Mombasa hadi Mariakani na Voi. Ruto aliliondoa agizo hilo Septemba 2022, wiki ile ile ya kuapishwa, na yeye ndiye aliyebaki na ratiba ya kulipa. Sasa "aliyejenga SGR" ni nani? Swali hilo halina jibu, na ndiyo maana halifai kuulizwa. Ulizeni hatua kwa hatua: nani alikubali masharti ya mkopo, nani aliamua mizigo ipite wapi, nani analipa.

Tatu, tarakimu, ambazo ni mtego mkubwa kuliko yote. Tutaje minne tunayoiona kila kampeni.

Mwaka wa kuanzia na wa kumalizia hubadilisha picha nzima. Kibaki alipokea uchumi uliokua kwa takriban asilimia 0.5 mwaka 2002, na chini yake ukakua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007. Shabiki ataishia hapo. Endelea mwaka mmoja tu mbele, 2008, ukuaji umeanguka chini ya asilimia 2 kwa sababu ya machafuko yaliyofuata uchaguzi ambao yeye mwenyewe alikuwa mgombea. Kanuni: muhula wote au usiseme kitu.

Halafu kuna kupanda kwa kalamu. Septemba 2014 Kenya ilibadilisha namna ya kukokotoa pato la taifa, na uchumi ukaongezeka kwa takriban robo kwa usiku mmoja, tukaingia kundi la nchi za kipato cha kati. Hakuna mkulima aliyevuna gunia la ziada. Ukikuta mgombea analinganisha pato la 2012 na la 2015, mwulize kama amelinganisha hesabu za zamani na mpya. Na mkilinganisha deni na pato, tumieni hesabu mpya kwa miaka yote, la sivyo Uhuru ataonekana mkopaji mwangalifu kuliko alivyokuwa.

Tukifika kwenye deni lenyewe: lilikuwa karibu shilingi trilioni 1.9 Juni 2013, trilioni 8.6 Juni 2022, na karibu trilioni 11.8 Juni 2025. Uhuru aliongeza wastani wa bilioni 740 hivi kwa mwaka kwa miaka tisa. Miaka mitatu ya kwanza ya Ruto ina wastani unaozidi trilioni moja kwa mwaka. Ukiishia hapo umempaka Ruto zaidi ya haki. Karibu nusu ya deni ni la nje, na dola ilitoka karibu shilingi 118 Juni 2022 ikafika karibu 129 Juni 2025. Deni la nje la trilioni 4.3 hivi, kama lingekuwa lote la dola, lingevimba kwa takriban bilioni 400 bila mtu kukopa senti. Aidha alikuta Eurobond, yaani hati ya mkopo kutoka masoko ya nje, ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014 ikiiva Juni 2024. Aliikwepa hatari ya kushindwa kulipa kwa kuuza hati mpya Februari 2024 kwa riba ya asilimia 9.75, shilingi ikapata nguvu kutoka karibu 160 kwa dola. Hilo ni jema la kweli, na ni jema la bei ghali. Faili liseme yote mawili katika mstari mmoja.

Mtego wa nne ni fedha zinazozunguka. Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022: mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kulipwa ndani ya siku 14. Mtu akikopa 500, akarudisha, akakopa tena, mara 20 kwa mwaka, taarifa ya serikali itasoma "shilingi 10,000 zilizotolewa". Ni 500 ileile. Takwimu ya jumla iliyotolewa haina maana peke yake. Zinazotakiwa ni tatu: Hazina iliweka kiasi gani cha fedha mpya kila mwaka ikilinganishwa na bilioni 50 zilizoahidiwa, wakopaji hai ni wangapi mwezi huu, na mikopo iliyopita siku zake za malipo ni kiasi gani. Umeme wa Uhuru una kasoro ya aina hiyohiyo. Wateja wa Kenya Power walitoka takriban milioni 2.3 mwaka 2013 hadi karibu milioni 8.9 mwaka 2022, na hilo ni kubwa kwa kipimo chochote. Lakini mita iliyofungwa ukutani si umeme uliotumika. Wengi wa wateja wapya hununua tokeni kidogo sana, na shirika likabaki na nyaya za kutunza zisizolipa gharama yake.

Mbolea ya ruzuku inastahili aya yake kwa sababu italetwa jukwaani 2027, tunawahakikishia. Bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa hadi 3,500 Septemba 2022 na 2,500 mwaka uliofuata. Mavuno ya mahindi yakapanda 2023. Mgombea atasema ni mbolea. Mpinzani atasema ni mvua, kwa kuwa ukame mkali ulikuwa umeisha. Wote wana haki kidogo. Njia ya kuwatenganisha ni kuangalia kaunti zilizopata mvua sawa lakini mgao tofauti wa mifuko. Na kwenye ukurasa huohuo iandikwe kashfa ya Machi 2024 ya mbolea feki iliyopita kwenye mabohari ya serikali yenyewe.

Ahadi zipangwe katika makundi manne badala ya mawili: imetimizwa, imebadilishwa, imeachwa, imezuiwa. "Imebadilishwa" ndiyo inayosahaulika. Tarakilishi za watoto wa darasa la kwanza za kampeni ya 2013 ziligeuka kuwa vishikwambi na zikaanza kufika 2016. "Imezuiwa" ni pale mahakama au bunge lilipofunga njia, kama BBI, mpango wa Uhuru na Raila wa kurekebisha Katiba, iliyobatilishwa na Mahakama Kuu Mei 2021 na kukataliwa kwa mara ya mwisho na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022. Na lipo jambo la ahadi inayouawa na kufufuliwa: Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa tarehe 26 Juni 2024, kisha baadhi ya vipengele vyake vikarudi Desemba kupitia sheria nyingine ya kodi. Faili lifuate kipengele. Jina la mswada ni la kubadilika.

Kwa ahadi mpya, fanyeni hesabu kabla ya mgeni kufika studio. Mwaka 2022 Azimio, muungano wa Raila, iliahidi shilingi 6,000 kwa mwezi kwa kaya milioni 2 maskini. Mara 12, ni bilioni 144 kwa mwaka. Aliyeahidi hakuja mdahaloni, kwa hiyo hakulazimika kutaja zitatoka wapi.

Kiongozi wa upinzani naye apimwe, ila kwa vyombo vya upinzani: kesi, miswada, kamati za bunge, na mabadiliko yaliyobaki baada yake. Kwa kipimo hiki Raila anapanda juu kuliko wengi wanavyomhesabia. Kesi yake iliyofuta uchaguzi tarehe 1 Septemba 2017 ndiyo iliyoisukuma tume ya uchaguzi hadi 2022 ikaweka mtandaoni fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, za vituo 46,229, kila mtu ajumlishe mwenyewe. Kwa kipimo hichohicho anashuka: alisusia marudio ya Oktoba 2017, akaapishwa kuwa 'rais wa wananchi' Uhuru Park Januari 2018, na mara mbili, 2018 na tena 2024 watu wa chama chake walipoingia baraza la mawaziri, nchi ikabaki bila jicho kali la kuichunguza serikali wakati madeni na kodi vikipanda.

Kibaki hatumrudii sana, mema yake mengi yanajulikana: elimu ya msingi bila karo Januari 2003, iliyowatoa wanafunzi kutoka takriban milioni 5.9 hadi 7.2 katika mwaka mmoja, CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge), Katiba ya 27 Agosti 2010. Ongezeni tu kwamba mgao wa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka haukupandishwa hadi anaondoka, huku bei za vitabu na chaki zikipanda, na kwamba kashfa ya zabuni za Anglo Leasing ilimtoa afisini mtu aliyeteuliwa kupambana na ufisadi.

Kuna safu moja msiijumlishe na nyingine. Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu waliokufa 1,133, zaidi ya thuluthi kwa risasi. Juni 2024 vijana waliokuwa wakiandamana kupinga Mswada wa Fedha walipigwa risasi barabarani Nairobi, na wengine wakatekwa wiki zilizofuata. Vituo vya habari vina tabia ya kutoa alama kwa 100: miundombinu 20, uchumi 20, haki za binadamu 20. Matokeo yake ni kwamba kilomita za kutosha hufidia maiti. Andikeni safu hiyo peke yake, bila alama, kwa majina ya vyeo: nani alikuwa na amri juu ya polisi siku hiyo, alisema nini ndani ya saa 48, nani alishtakiwa.

Sasa utekelezaji. Ripoti ya mwisho ya Mkaguzi Mkuu mtakayoweza kuitumia ni ya mwaka wa fedha 2025/26, kwa kuwa Ibara ya 229 inampa miezi sita baada ya Juni, yaani mwisho wa Desemba 2026. Ya 2026/27 haitakuwepo kabla ya kura, msiisubiri. Hazina ya Kitaifa inalazimika kisheria kuchapisha taarifa ya hali ya uchumi miezi minne kabla ya uchaguzi, kwa hiyo kabla ya tarehe 10 Aprili 2027. Ombeni nakala siku hiyohiyo, maana ndiyo taarifa pekee iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya kumpima anayeondoka na anayekuja. Ripoti ya robo ya tatu ya Mdhibiti wa Bajeti na Uchunguzi wa Uchumi wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, hutoka karibu Mei. Penye pengo, andikeni ombi chini ya sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016: afisa ana siku 21 za kujibu. Maombi yakitumwa Januari, hata yakikataliwa mna muda wa kukata rufaa. Yakitumwa Juni, mmechelewa.

Kila faili lisizidi kurasa nne: vyeo na mipaka ya madaraka, ahadi zisizozidi 10, kila moja na kiasi na tarehe, fedha zilizotengwa, zilizotolewa, zilizotumika na zilizohojiwa, kwa sababu hizo ni namba nne tofauti na wagombea hutaja ya kwanza tu, na kesi pamoja na hukumu. Tuhuma ambazo hazijafika mahakamani wala kwenye ripoti rasmi zikae nje. Mpeni mgombea siku 14 za kujibu kwa maneno 300, mchapishe jibu lake chini ya faili bila kuligusa. Kwa asiyewahi kushika wadhifa wa umma, tumieni kampuni, chama au taasisi aliyoiongoza, na mseme wazi kwamba kurasa mbili zitabaki tupu.

Mafaili yaandikwe kwa Kiswahili kwanza. Midahalo yetu imekuwa sehemu kubwa kwa Kiingereza ilhali Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mgombea anayeweza kuomba kura kwa Kiswahili sokoni Gikomba hawezi kushindwa kueleza deni kwa lugha hiyohiyo.

Na kwa atakayekataa kuja: mpangilio wa 2017 na 2022 ulimpa aliyefika saa nzima ya kampeni ya bure, na aliyekacha akaponyoka. Wekeni kanuni mapema na mvisainishe vituo vyote. Dakika zake zisigawiwe mwenzake. Jukwaa lake libaki, swali lake lisomwe, kisha mwendeshaji asome kutoka kwenye faili ukurasa unaohusika, polepole, hadi dakika hizo ziishe.